Kilichobeba Dawa: Marhamu, Krimu na Ngozi Zetu za Eastlands



Nendeni kwenye kemisti yoyote kuanzia hapa Makadara hadi Kayole. Mtakuta tyubu mbili zimewekwa kando kwa kando. Zote zimeandikwa betamethasoni valereti, zote asilimia 0.1, zote gramu 15. Moja ni krimu, nyingine ni marhamu. Mteja akiuliza achukue ipi, mara nyingi huambiwa ni kitu kimoja, achague ya bei nafuu. Si kitu kimoja. Katika jedwali la Marekani linalopanga steroidi za ngozi kwa ngazi 7, ya kwanza ikiwa ndiyo kali kuliko zote, marhamu hiyo iko ngazi ya 3 na krimu iko ngazi ya 5. Kiini cha dawa ni kilekile na kipimo ni kilekile. Kilichozitenganisha kwa ngazi mbili nzima ni kile kilichobeba dawa.

Hebu tupige hesabu. Tyubu ya gramu 15 yenye asilimia 0.1 ina miligramu 15 tu za dawa. Kiasi hicho ukikimwaga kwenye kiganja hutakiona vizuri. Kilichobaki chote, karibu gramu 15 kamili, ni mafuta, maji, nta na viungo vingine ambavyo sisi wafamasia huviita kibebeo. Wagonjwa wengi hudhani kibebeo ni cha kujaza tyubu tu. Mimi nadai kwamba kibebeo ni sehemu ya tiba yenyewe, na kwamba mengi tunayoyaona kwenye ngozi za watu wetu, vidonda visivyokauka na choa kisichoisha miezi sita, yanatokana na dawa sahihi iliyowekwa katika kibebeo kisichofaa.

Vibebeo ni vya aina chache. Cha kwanza mnakifahamu nyote: mafuta ya mgando, yanayotokana na mafuta ghafi. Mkemia wa Marekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872 kwa jina la Vaseline. Hapa kwetu yana ndugu mashuhuri zaidi, Arimis, yaliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua na ambayo sasa yamo karibu kila nyumba, kuanzia Huruma hadi Donholm, yakipakwa miguu ya watoto asubuhi ya baridi. Hayachanganyiki na maji na hayaozi. Yakishapakwa yanaifunika ngozi, na jasho halipati pa kupitia. Cha pili ni mafuta ya sufu ya kondoo, lanolini, ambayo hunywa maji kiasi. Halafu kuna krimu, ambayo ni maji na mafuta vilivyounganishwa kwa nguvu na kiunganishi. Hiyo huoshwa kwa urahisi na haiachi nguo na mafuta. Mwisho kuna vibebeo visivyo na mafuta hata chembe, vinavyoitwa makrogoli, ambavyo huyeyuka kabisa katika maji. Marhamu ya mupirosini, ya vidonda vyenye usaha, kwa kawaida hutengenezwa kwa makrogoli, na ndiyo sababu karatasi yake hukataza kuipaka kwenye eneo kubwa la ngozi iliyoungua: makrogoli yakipenya kwa wingi kupitia kidonda huweza kuumiza figo.

Sasa nifike kwenye kiini cha mhadhara huu, yaani jinsi dawa inavyotoka.

Ili dawa ifanye kazi lazima kwanza itoke ndani ya kibebeo, kisha iingie kwenye tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, ambalo sehemu nyingi za mwili unene wake hauzidi sehemu 2 za mia za milimita. Tabaka hilo ni jembamba lakini ni ukuta hasa. Molekuli kubwa hazipiti. Zinazopita hupita polepole, zikipenyeza katika mafuta yaliyo katikati ya seli.

Mwaka 1961 Takeru Higuchi, mwanasayansi wa Marekani mwenye asili ya Kijapani, aliandika hesabu inayoonyesha kasi ya dawa kutoka ndani ya marhamu. Aligundua kwamba kiasi kinachotoka hakiongezeki sambamba na saa. Huongezeka kwa kipeuo cha pili cha muda. Kwa lugha ya mtaani: ukitaka kiasi kilichotoka kiwe mara mbili, muda lazima uwe mara nne. Fikirini City Stadium baada ya mechi. Walioketi karibu na lango hutoka kwa dakika chache. Walio upande wa mbali wana safari ndefu, na kila anayewafuata ana safari ndefu zaidi. Dawa inayogusa ngozi hutoka mapema. Iliyo ndani ya lile lundo la mafuta lazima isafiri kwanza. Hivyo kupaka tabaka nene kama la siagi kwenye mkate hakumpi mgonjwa dawa maradufu. Kunamchafulia shuka na kumaliza tyubu. Tangu 1991 madaktari wa ngozi wamekuwa wakitumia kipimo rahisi: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza ni takriban nusu gramu kwa mtu mzima, na hiyo inatosha viganja viwili vya ngozi.

Jambo la pili ni mapenzi kati ya dawa na kibebeo chake. Dawa inayoyeyuka vizuri mno katika mafuta haina haraka ya kuyaacha. Iliyo karibu kushindwa kuyeyuka, iliyojaa hadi kibebeo kimeshiba, ndiyo inayosukumwa nje kwa nguvu. Kwa hiyo mtengenezaji hodari hatafuti kibebeo ambacho dawa hukaa kwa raha. Hutafuta kile kinachoibeba hadi kwenye ngozi na kuiachilia hapo. Ndiyo maana viwanda huongeza propilini glaikoli kidogo kwenye krimu fulani za steroidi: kiasi kikizidi dawa hukwama, kikipungua haiyeyuki. Kipimo hicho ni kazi ya miezi maabarani.

Hapa ndipo wanafunzi wangu hukwama, na wana haki. Kwenye chombo cha kioo cha maabara, kile kinachoitwa seli ya Franz, chenye maji yaliyopashwa hadi nyuzi 32 ambazo ndizo joto la kawaida la uso wa ngozi, mafuta ya mgando huachilia asidi ya salisiliki polepole kuliko krimu, na krimu polepole kuliko makrogoli. Kama ni hivyo, mbona marhamu ya betamethasoni iwe kali kuliko krimu yake? Jibu ni kwamba ngozi hai si chombo cha kioo. Mafuta ya mgando yanapoifunika, maji yanayotoka mwilini hubaki chini yake, lile tabaka lililokufa linalowa, linavimba, linalegea, na dawa inapata njia. Kibebeo kinachoachilia kidogo kimefungua mlango mkubwa. Mwaka 1962 watafiti McKenzie na Stoughton walipaka steroidi kwenye mikono ya watu na kupima weupe unaotokea ngozi inapobana mishipa yake midogo. Walipofunika mahali hapo kwa plastiki, upenyaji wa dawa uliongezeka hadi mara 100. Mara mia moja, kwa kipande cha plastiki.

Mzazi anayenisikiliza aifikirie nepi ya plastiki. Kila dawa inayopakwa chini ya nepi imefunikwa kwa plastiki usiku kucha. Na ngozi yenyewe haifanani mwili mzima. Feldmann na Maibach walipima mwaka 1967 jinsi haidrokotisoni inavyopenya sehemu mbalimbali. Wakichukua ngozi ya mkono wa mbele kuwa 1, waliona unyayo ni 0.14, ngozi ya kichwa 3.5, paji la uso 6, taya 13, na korodani 42. Sasa chukua ile krimu inayopendwa sana mitaani, yenye steroidi kali, antibiotiki na dawa ya fangasi ndani ya tyubu moja. Ipake kwenye mapaja na sehemu za siri za mtoto wa miezi minne, kisha funga nepi. Steroidi hiyo itaingia kwenye damu. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, tezi zake zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake mwenyewe, na ukuaji wake huweza kudumaa. Nasema hili mbele ya watu wa kemisti kwa heshima na kwa uchungu: upele wa nepi wa kawaida unahitaji nepi kubadilishwa mara nyingi na mafuta ya zinki yanayoikinga ngozi na mkojo. Hauhitaji steroidi kali kama klobetasoli.

Nije kwa adui wetu wa msimu wa mvua, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi ambaye kila mtu humwita Nairobi fly. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipolijaza jiji mdudu huyu, watu waliamka na michirizi ya moto usoni na shingoni. Haumi wala hadungi. Ndani ya mwili wake mna sumu iitwayo pederini, na ukimponda kwenye ngozi unaipaka mwenyewe. Alama huchelewa siku moja au mbili, kisha hutokea wekundu, malengelenge na maji. Watu wetu hukimbilia mafuta ya mgando. Ndipo ile kanuni ya zamani ya madaktari wa ngozi inapohitajika: palipolowa pawekwe kitu chenye maji, palipokauka pawekwe mafuta. Kidonda kinachotoa maji kikifunikwa kwa mafuta mazito, maji hayana pa kwenda, joto linabaki, na bakteria wanafurahi. Osha kwa sabuni na maji mengi mara tu unapojua umemponda, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, na daktari akiona haja ya steroidi, katika siku hizo za majimaji iwe krimu. Wiki ya pili, ngozi ikishakauka na kuanza kubambuka, hapo marhamu ina kazi yake. Mgonjwa ni yuleyule, sumu ni ileile. Kibebeo kinabadilika kufuatana na hali ya ngozi.

Choa kina somo jingine. Marhamu ya Whitfield, iliyopewa jina la Arthur Whitfield, daktari wa ngozi wa London, ni ya bei rahisi na iliwahi kuwamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani: asidi ya benzoiki asilimia 6, asidi ya salisiliki asilimia 3. Zile asilimia 91 zilizobaki, kwa mujibu wa kitabu cha kanuni za dawa cha Uingereza, ni marhamu yenye nta ya kuunganisha, parafini laini na parafini ya maji, iliyotengenezwa makusudi ili ichanganyike na maji na ioshwe. Asidi ya salisiliki hulegeza magamba ya ngozi, ile ya benzoiki hupambana na fangasi. Kwenye mkono, kiuno au mguu, ukiipaka kila siku kwa wiki kadhaa bila kuacha punde tu mwasho unapotulia, hufanya kazi yake. Lakini mapunye ya kichwani ni habari nyingine. Fangasi wameingia ndani ya unywele na kwenye shina lake, na hakuna kibebeo chochote kinachofikisha dawa huko kwa kiasi cha kutosha. Mtoto mwenye mapunye anahitaji dawa ya kumeza. Nimeona vichwa vya watoto wa shule vinavyong'aa kwa mafuta mwaka mzima, na mapunye yakiendelea chini yake.

Nairobi imeufundisha ulimwengu kuhusu dawa za macho ya watoto wachanga, na nadhani wengi hapa hawajui. Mama mwenye kisonono au klamidia huweza kumwambukiza mtoto macho wakati wa kuzaa, na zamani kinga ilikuwa matone ya naitreti ya fedha. Katika miaka ya 1980 watafiti waliyalinganisha matone hayo na marhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1 kwa watoto 2,732 hapa Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Ugonjwa wa macho wa kisonono ulipungua kwa asilimia 83 kwa waliopewa matone na kwa asilimia 93 kwa waliopewa marhamu. Dawa zilikuwa mbili tofauti, kwa hiyo hatuwezi kuyapa mafuta sifa zote. Hata hivyo kila mkunga anajua kwamba tone huoshwa na machozi kwa dakika chache, ilhali marhamu hubaki ndani ya kope ikiachilia dawa taratibu. Marhamu ya macho nayo ina masharti yake: isiwe na vijidudu, chembe za dawa zisagwe laini kabisa zisikwaruze jicho, na mafuta yalainike kwenye joto la mwili.

Lakini sayansi haikuishia hapo. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti mwingine uliofanywa hapa Kenya, kwa watoto 3,117. Safari hii matone ya povidoni ayodini ya asilimia 2.5 yalishindanishwa na naitreti ya fedha na marhamu ya erithromaisini. Waliopata maambukizi walikuwa asilimia 13.1 kwa ayodini, 15.2 kwa marhamu, na 17.5 kwa naitreti ya fedha. Tone la maji liliishinda marhamu. Ayodini huua vijidudu haraka na haihitaji kukaa muda mrefu, na tena huacha rangi inayoonekana, muuguzi akajua ni mtoto yupi amekwisha kupewa. Ndiyo sababu sikubali mtu aniambie kwamba marhamu ni bora daima, au krimu ni bora daima. Swali ni dawa ipi, mahali gani, kwa muda gani.

Sasa niseme lililonifanya nikubali mwaliko huu. Kuna mikebe isiyo na jina inayouzwa kwenye baadhi ya saluni na vibanda. Mtu hukamua tyubu kadhaa za steroidi kali kwenye bakuli, akaongeza losheni ya kung'arisha ngozi, akaongeza mafuta ya mgando ili iwe nyingi, akakoroga. Serikali ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni tangu 1998, na sheria hiyo ninaiunga mkono kikamilifu. Hata tuyaweke hayo kando, kukoroga kwenyewe ni hatari. Krimu ni maji na mafuta yaliyoshikanishwa kwa ustadi. Ukiongeza mafuta mengine, muungano unavunjika, maji yanajitenga, na kile kihifadhi kilichopimwa kuyalinda sasa kimetawanyika hadi hakitoshi. Bakteria huota ndani ya mkebe, kisha vidole vinawahamishia kwenye ngozi iliyokwisha kulegea.

Na muuzaji atakwambia: "Usijali mama, nimeipunguza makali." Hajaipunguza. Kumbukeni nilichosema juu ya kibebeo kilichoshiba dawa. Katika krimu nyingi kali, sehemu ya steroidi imo kama chembe ambazo hazijayeyuka, zikisubiri. Ukiongeza mafuta, chembe hizo huyeyuka na kujaza nafasi, na ile nguvu ya kuisukuma dawa nje inabaki karibu palepale. Vipimo vya weupe wa ngozi vilivyofanywa miaka ya 1980 vilionyesha kwamba steroidi iliyochanganywa mara nne huweza kufanya kazi sawa na ile isiyochanganywa. Mama anadhani anapaka robo, kumbe anapaka kamili, uso mzima, mahali ambapo ngozi hupitisha dawa mara 6 hadi 13 kuliko mkono. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinatapakaa, michirizi isiyofutika inatokea. Akiacha ghafla, uso unawaka moto, na anarudi kwenye mkebe.

Joto nalo. Mwezi wa Februari ndani ya kibanda cha mabati, mafuta ya mgando hulainika na kuanza kutoa maji ya mafuta juu. Yakipoa usiku yanashikana tena, lakini chembe za dawa zimeshuka chini au zimeungana na kuwa kubwa. Tyubu ya namna hiyo hukwaruza ukiisugua kati ya vidole, na mkamuo wa kwanza haulingani na wa mwisho. Krimu iliyotoa maji au iliyobadilika harufu itupwe, hata kama tarehe ya mwisho bado.

Huko Moshi, Tanzania, kilianzishwa mwaka 1992 kituo cha kikanda cha kufundisha tiba ya ngozi, na maofisa wa tiba kutoka nchi nyingi za Afrika wamesomea huko. Hapo hapo, kwa miaka mingi sasa, yametengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, yakifikiriwa kwa ngozi na hali ya hewa ya huku kwetu. Hilo linanipa moyo. Kumbe tunaweza kukaa chini, tukauliza mtu wetu anatembea juani saa ngapi, ana maji kiasi gani ya kuosha, kisha tukachagua kibebeo kinachomfaa. Natamani kuona kazi ya namna hiyo hapa Eastlands, ambako viwanda vya dawa haviko mbali.

Nina ombi kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Marekani tangu 1997 imekuwa na mwongozo wa kupima utokaji wa dawa ndani ya krimu na marhamu kwa ile hesabu ya Higuchi, mtengenezaji anapobadilisha kiungo au mtambo. Matokeo ya vipimo vya namna hiyo kwa krimu na marhamu zinazouzwa Kenya yawekwe mahali ambapo mfamasia wa Umoja au Dandora anaweza kuyasoma, maana asilimia iliyoandikwa kwenye tyubu inasema kiasi kilichowekwa ndani na haisemi kiasi kitakachotoka.

Wenzangu wa kemisti, mwambieni mteja kama ni krimu au marhamu, na kwa nini. Msiuze steroidi kali kwa ajili ya uso au nepi. Msichote dawa kutoka tyubu kwenda mkebe. Nawe mzazi, daktari akikuandikia marhamu, usikubali kubadilishiwa krimu kwa sababu ya shilingi 50 kabla hujampigia simu aliyeandika. Ukipewa dawa ya mtoto, uliza ipakwe kabla ya nepi au baada ya ngozi kupumua. Na ukienda kliniki kwa sababu dawa haijafanya kazi, usibebe jina lake kichwani tu. Beba tyubu yenyewe, hata kama imeisha, ili anayekuhudumia aone ilivyobebwa.